Waya Nilioutundika Uani

Nawasimulia nikiwa bado na hasira, ingawa wa kulaumiwa ni mimi. Meneja wa kiwanda kimoja Mbale aliniita kutoka Jinja niunganishe kompyuta ya ofisini na ya stoo. Kwa ubahili wangu nilinunua waya mwembamba wa ndani ya nyumba, nikauvusha uani ukining'inia hewani. Asubuhi kompyuta zikawasiliana, mchana zikanyamaza. Nikamfokea karani wa stoo, kisha nikatoka nje na meneja. Ovaroli mbichi, imegeuzwa ndani nje, ilikuwa imeuvuta waya hadi ukachomoka ukutani.

"Mjinga gani ameanika hapa?" nikauliza.

Mke wa mlinzi akanitazama kwa huruma. "Ni yako, bwana. Uliponipa nifue, ulisema nianike popote, mradi ikauke upesi."