Kumi na Nne ni Wapi Leo

Adelina Kokushubila alikuwa na kichwa, hilo tusimnyime. Mwaka sabini na tano yeye ndiye aliyepokea simu ya upepo kwenye ghala la chakula, Temeke. Redio ilikoroma hata majina yakapotelea njiani, kwa hiyo kila kijiji cha ujamaa kilipewa namba. Ikisemwa kumi na nne, Adelina hapo hapo anaandika Mkwajuni. Ikisemwa thelathini na moja, anaandika Kilimahewa. Orodha yenyewe ililala droo ya chini, na mkuu wa ghala, Mzee Benedikto, aliwatambia wageni kwamba binti huyu wa Bukoba hafungui karatasi.

Ila madereva hakuwaamini hata kidogo. Kwake yeye, gunia likilala njiani na dereva, huamka limepungua. Na aliyemtia shaka kuliko wote ni Marijani wa Vingunguti, kwa sababu alicheka sana. Mtu mwenye mshahara ule anachekea nini?

Mwezi wa tatu simu ikaita: kumi na nne, njaa, magunia arobaini. Adelina akaandika Mkwajuni, Marijani akaondoka na lori. Alirudi siku ya nne, lori tupu, mkononi risiti iliyolowa mvua.

"Dada, Mkwajuni hakuna mtu," akasema. "Mie nimekuta mahame, nyumba hazina hata milango. Unga nimewaachia kijiji cha barabarani, mwenyekiti wao kasaini hapo."

Adelina akaitazama saini iliyochuruzika wino. Hata kuku angeweza kuiandika. Kesho yake kumi na nne wakaita tena: unga haujafika. Basi! Akaandika taarifa ya kurasa mbili, neno "kupe" likiwemo mara tatu. Marijani akanyang'anywa ufunguo wa lori, akaambiwa afike Jumamosi mbele ya kamati. Akishindwa kujieleza, anakabidhiwa polisi.

Wiki nzima Adelina hakupumzika. Mke wa Marijani, Mauwa, alipita getini na khanga mpya. Adelina akaona unga. Akasikia nyumba yao imepakwa chokaa. Akaongeza mstari kwenye taarifa. Ukishamshuku mtu, hata kikohozi chake ni ushahidi.

Ijumaa kumi na nne wakaita tena. Safari hii Adelina alitaka ushahidi wa kummaliza mtu, akauliza jambo ambalo hakuwa ameuliza miaka mitatu.

"Taja jina la kijiji."

"Kilimahewa."

"Kilimahewa ni thelathini na moja!"

"Ilikuwa, dada. Kwenye Operesheni Vijiji watu wa Mkwajuni wamehamishiwa kwetu, na namba yao tukapewa sisi. Mmeletewa orodha mpya. Huku watoto wanakula ming'oko, mizizi ya porini, leo siku ya kumi na mbili."

Adelina akaivuta droo ya chini. Orodha mpya ilikuwamo, ya mwezi wa kwanza, haijakunjuliwa. Chini yake pameandikwa "imepokelewa", na saini ni yake mwenyewe.

Chumbani alikuwa peke yake, na pembeni jiko la chai lilikuwa na moto. Aliliangalia lile jiko, orodha mkononi, tusidanganyane. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kisha akaandika hati ya magunia arobaini, Kilimahewa, na lori likaondoka kabla ya alasiri.

Jumamosi alisimama mbele ya kamati, akasoma tarehe ya orodha mpya, akasoma na saini yake, kwa sauti. Mzee Benedikto akainamia viatu vyake. Adelina alingoja Marijani acheke. Hakucheka.

"Nilikwambia hakuna mtu," Marijani akasema taratibu. "Hukufungua hata karatasi."

Akarudishiwa ufunguo. Tangu hapo, kila akipewa hati ya safari, ingawa jina la kijiji limeandikwa wazi, alisimama dirishani na kuuliza, "Dada, kumi na nne ni wapi leo?" Na Adelina, aliyejua fika, alifungua droo, akatoa orodha, akasoma kwa kidole mpaka alipofika. Miaka kumi na moja walifanya kazi pamoja, na hakuwahi kumwambia aache.