Walipima Zizi, Wakalihukumu Shamba

Saa moja asubuhi, jua halijakaza, na Mama Mabua amekwisha kumfukuza mtu shambani mwake. Aliyefukuzwa ni jirani aliyepita na kiberiti mkononi, akiuliza kwa utani kama amsaidie kusafisha.

"Kasafishe kwako," amemjibu bila kuinua kichwa. Anaendelea kulaza mabua ya mahindi kati ya mistari, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

Jina hilo alibandikwa miaka sita iliyopita, alipokataa kuchoma mabua baada ya mavuno. Akaachana na trekta, akaanza kupanda mahindi kwenye vishimo, kunde katikati. Walimcheka mpaka wakachoka. Mwaka ule alipata magunia manne kwa ekari. Msimu uliopita amepata kumi na moja, na mvua yenyewe ilikuwa ya kubahatisha.

"Udongo unakula," anasema mjane huyu wa miaka hamsini na mbili. "Ukiuchomea chakula chake, na wewe utalala njaa. Hilo halihitaji shule."

Shule, hata hivyo, ilimfuata nyumbani. Mwaka uleule ulikuja mradi wa kaboni, ukamweleza kwamba mabua na mizizi vikioza ardhini hubaki na kaboni ambayo ingepanda hewani. Wangepima udongo mwaka wa kwanza, kisha warudi mwaka wa sita waone imeongezeka kiasi gani, wamlipe kwa ongezeko hilo. Wamerudi. Barua yao ina mistari mitatu: ongezeko ni sifuri, shamba limeondolewa kwenye mradi.

"Sifuri," anasema, akiirudisha barua kwenye mfuko wa nailoni. "Miaka sita mgongo umepinda, mtu anakaa kwenye kiti ananiandikia sifuri."

Kosa lenyewe linatia hasira kwa jinsi lilivyo la kizembe. Kwenye kona ya shamba, kando ya barabara, marehemu mumewe alifuga ng'ombe zaidi ya miaka ishirini. Zizi lilivunjwa, samadi ikabaki, na udongo wa pale ni mweusi, kidole kinazama. Siku ya kipimo cha kwanza wapimaji watatu walichelewa, mawingu yametanda. Wakashuka garini, wakachimba mashimo yao yote matano palepale zizini, wakaondoka.

Mara ya pili walitembea shamba zima, kama inavyotakiwa. Yaani wamechukua udongo wa shamba wakaulinganisha na samadi ya miaka ishirini. Udongo uliokuwa mwekundu na mgumu sasa unalingana na wa zizi, na badala ya kumpa mkono, wamemtimua.

Bwana shamba aliyewaongoza siku ile hakatai. "Mvua ilikuwa inakuja, na pale palikuwa laini kuchimba," anasema, akichezea funguo za pikipiki. "Kusema, nasema. Kuandika, hapana. Nina watoto."

"Na mimi nina nini, paka?" anauliza Mama Mabua anapofikishiwa maneno hayo.

Ofisi ya mradi nayo inasema kipimo cha kwanza hakibadilishwi bila maandishi ya mtu aliyekuwepo.

Ingekuwa hela ya mradi tu, anasema, angemeza mate akaendelea na kazi. Lakini ardhi ni ya ukoo, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akingoja neno la wataalamu kuhusu kilimo hiki. Sasa amelipata. Amekodi trekta. Jumatatu mabua yachomwe, ardhi ipinduliwe.

"Sina ugomvi na shemeji yangu, ni mchapakazi," anasema mwanamume huyo. "Lakini mashine imesema sifuri. Nibishane na mashine?"

Trekta litamaliza kazi kwa saa chache tu. Udongo uliolindwa miaka sita utaachwa uchi juani, na kilichohifadhiwa humo kitaanza kupotea, kwa sababu wasomi watatu waliogopa kulowa.

Juzi Mama Mabua alimwita shemeji yake zizini, akampa jembe, akamwambia achimbe. Kisha akampeleka katikati ya shamba, akamchimbisha tena. Shemeji aliushika udongo wa huku na wa kule, akampigia simu dereva. Trekta sasa litangoja mpaka Jumatatu saa nane mchana, si zaidi.

"Asubuhi hiyo tunakwenda ofisini kwao, mimi na yeye, na ndoo mbili za udongo, ya zizi na ya shamba," anasema mama huyo. "Wapime udongo wa zizi, waone kama hakitoki kilekile kipimo chao cha kwanza. Kikitoka tofauti, dereva wa trekta nitamwonyesha njia mwenyewe."

Na bwana shamba, je?

"Nitampitia kwake kabla hajapiga mswaki," anasema, akiinama kuchukua fungu jingine la mabua. "Kalamu ninayo."