Redioni Hakuna Pale

Watu husema barafu haina harufu. Hao hawajawahi kuchuchumaa mbele ya friza kuukuu, kisu cha siagi mkononi, wakikwangua ukoko wa miezi kadhaa. Mimi hulazimika kuifanya kazi hiyo kila mlango wa friza unapokataa kufunga. Na kila mara, kisu kinapokwaruza na ubaridi ukanipanda puani, nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimebanwa na makoti ya watu wazima katika uwanja wa magongo ya barafuni upande wa kusini wa Stockholm, na Shangazi Mwanaidi amenishika bega. Harufu yenyewe ni ya chuma baridi na sufi iliyolowa. Kama huniamini, fungua friza yako.

Tulikuwa tukikaa Rinkeby, kitongoji cha Stockholm, katika yale majengo ya kupanga yanayofanana mpaka wageni wetu walikuwa wakibisha hodi kwa jirani. Baba alitoka Tanga kuja kusomea ufundi wa mabasi, akasema atarudi akimaliza, na mabasi yakawa hayaishi kuharibika. Mama alisafisha uwanja wa ndege, akiondoka kwa treni ya kwenda Märsta mimi bado nimelala. Nilizaliwa hapohapo, Kiswahili masikioni, Kiswidi mdomoni. Mama akiniuliza kwa lugha yake nilimjibu kwa lugha ya shule, na hakuna aliyeona ajabu. Uani tulicheza magongo kwenye lami, watoto wa kila pembe ya dunia, tukifukuza mpira wa tenisi hadi vidole vife ganzi. Niliupenda mchezo ule kwa ujinga wangu wote.

Shangazi Mwanaidi alikuwa dada yake mkubwa Baba, fundi cherehani wa Tanga. Presha ya macho ilikuwa imeukunja uoni wake kutoka pembeni kuja kati, kama mtu anavyokunja pindo la kitambaa, na alipotufikia majira ya baridi yale alikuwa akitofautisha dirisha na ukuta tu. Baba alikuwa amehangaika muda mrefu kumtafutia daktari bingwa. Nyumbani kila sentensi ilianza na "akishatibiwa". Mimi hakuwa ameniona hata siku moja, ila kwa vidole. Siku aliyowasili alinipapasa uso wote, akafika puani, akasita.

"Macho yakifunguka," akasema, "cha kwanza nikuone wewe, nijue hii pua umeitoa wapi. Kwetu haipo."

Nikaanza kuisubiri siku hiyo. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikijaribu nyuso mbalimbali, ili atakaponiona aikute ile nzuri.

Jambo jingine mnalopaswa kulijua kuhusu Shangazi ni kwamba alikuwa mgonjwa wa mpira. Mpira wa redioni. Kule Tanga, mechi ikianza, wateja walijua nguo haiishi. Na penalti ikipigwa, cherehani ilisimama.

Siku ya miadi ya hospitali ikaangukia siku ambayo Baba alikuwa ameniahidi kunipeleka kutazama mechi. Asubuhi walikwenda wao wawili kwa daktari, mimi nikaenda shule, na mchana kutwa nilikuwa na hofu mbili: ya macho ya Shangazi na ya mechi yangu. Sitajifanya mtakatifu nikasema ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Niliporudi mbio niliwakuta jikoni, wote wawili wamevaa makoti. Baba alikuwa anaitazama chai yake.

"Daktari amesemaje?" Niliuliza kwa Kiswahili, kwa heshima ya jambo lenyewe.

Shangazi akawahi. "Amesema nisiyasumbue macho. Haya, vaa. Mtoto ukishamwahidi umemwahidi."

"Na wewe unakuja?"

"Kwa nini nisije? Nimefuata mpira tangu usichana wangu na sijaona uwanja hata mmoja. Nishindwe na huu wenu?"

Nilimtazama Baba. Akagusa shingo yake, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba koo linamuuma. Mimi nikaichukua habari ile kuwa njema. Nisiyasumbue macho: yaani yapumzishwe, yasubiri upasuaji. Nikamshika mkono tukaenda.

Katika treni ya chini ya ardhi, tulipobadilisha katikati ya mji, wakaingia washabiki na skafu zao, wakiimba na kupiga mabati ya treni kwa ngumi. Shangazi akasikiliza kwa makini kama mtu anayepima kitambaa.

"Wamelewa hawa?"

"Wamelewa," akasema Baba.

"Lakini wanaimba kwa pamoja. Hapo nawavulia kofia."

Mlangoni mwa uwanja palikuwa na moshi wa soseji. Shangazi akaivuta harufu ile kwa pua yake yote, akauliza ni chakula gani kitamu hivyo. Nikamwambia ni nguruwe. "Astaghfirullah," akasema, akaziba pua kwa ushungi, kisha baada ya hatua chache akauachia kidogo.

Sehemu yetu ilikuwa ya kusimama. Mbele yangu palikuwa na migongo, na baada ya migongo, migongo. Shangazi aliniuliza kuna nini, nikamwambia kuna makoti. Mama mmoja mnene wa Kiswidi, mwenye skafu ya mistari na chupa ya chai kwapani, akaniuliza mbona tunazungumza bila kupumzika. Nikamwambia shangazi yangu haoni, na mimi pia sioni, kwa hiyo tunaulizana. Aliwagonga mabegani wanaume wa mbele mmoja baada ya mwingine, wakageuka wamekasirika, wakatuona, wakasogea, na tukajikuta tumefika chini kabisa, kwenye kioo kinachozunguka barafu. Baba alisimama nyuma yetu.

"Haya, mtangazaji," Shangazi akasema.

Nilidhani anamwambia Baba. Kumbe mkono wake ulikuwa begani kwangu. Niligeuka kumwomba Baba, naye akagusa tena koo lake, akatazama juu kwenye taa.

Basi nikaanza. Ninachokumbuka zaidi ni jinsi nilivyotapatapa. Mchezo ule huenda kasi kuliko jicho, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea maji na kukataa uji.

"Wanateleza," nikasema.

"Wanaanguka?"

"Hapana, wanateleza vizuri. Wetu wana mistari, wale ni wekundu. Yule anampa yule. Anaenda pale. Sasa pale. Sasa wamerudi pale!"

Akanifinya bega. "Pale wapi? Redioni hakuna pale. Mimi nikisikia pale naona giza. Sema kulia, sema kushoto, sema karibu na nini."

Tukakubaliana kwamba kushoto ni upande wa ngoma, kwa sababu washabiki wa ngoma walisimama huko, na kulia ni upande wa mlango wenye soseji. Na kile wanachokipiga si mpira, nikamwambia, ni kitu kidogo cheusi cha duara, kama kizibo. Akakipenda kizibo. "Kizibo kiko wapi?" akawa anauliza. "Kiko ngomani? Kimefika kwenye nguruwe?" Nilisema, nikachelewa, nikasema tena, na nilipokuwa natafuta neno la kitu kimoja, vitatu vingine vilikuwa vimekwisha kutokea. Wachezaji walipojibamiza kwenye kioo mbele ya nyuso zetu, Shangazi aliruka, kisha akakiwekea kioo kiganja chake na kukiacha hapo, akipokea mishindo.

Nilipomweleza kwamba mchezaji aliyefanya kosa hufungiwa kwenye kibanda, atazame wenzake wakicheza, alicheka hadi machozi. Akasema kule Tanga anawajua mabeki kadhaa wa kufungiwa humo maisha.

Mapumziko yalipofika likaingia gari la kulainisha barafu. Nikamwambia ni gari linalopiga pasi. "Basi hilo nalijua," akasema, na akalisikiliza likizunguka hadi likatoka. Yule mama mnene alitupa chai yake, tamu mno. Shangazi akamshukuru kwa Kiswahili na mama akajibu kwa Kiswidi, wote wameridhika. Baba hakunywa.

Wetu walikuwa wanaongoza, mawili kwa moja. Na hapo ndipo nilipofanya jambo la kitoto ambalo sikumwambia mtu. Nilinuia moyoni kwamba wetu wakishinda, Shangazi ataona. Sijui nilinuia kwa nani. Lakini tangu dakika hiyo sikuwa mshabiki tena. Nilikuwa mtu mwenye kesi.

"Tunashinda!" nikamwambia.

"Kutangulia si kufika," akanijibu. "Tangaza."

Kipindi cha mwisho wekundu wakasawazisha. Nikatangaza kwa sauti ndogo. Halafu wakafunga tena, kutoka kwenye rundo la miguu mbele ya goli, na upande wa ngoma ukanyamaza. Nilikuwa nakishika chuma cha mbele yangu kwa mikono yote miwili, nikikisukuma, kana kwamba nikisukuma vya kutosha barafu yote itainama upande wetu na kizibo kitateremka chenyewe. Hakuna kilichoinama. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu vile na kuwa na uwezo mdogo vile wa kukipata.

Muda ulipokaribia kwisha, golikipa wetu akaondoka golini, akakimbilia benchi.

"Golikipa ametoka," nikasema.

"Ameumia?"

"Hapana. Wamemtoa ili aingie mshambuliaji mwingine."

"Na golini yuko nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu! Hawa watu wazima?" Akauachia ushungi kabisa. "Golini hakuna mtu, Hamisi, unasikia?" Baba, ambaye ndiye Hamisi, hakuitika.

Wote wakajazana upande wa nguruwe, kwenye goli la wekundu. Nilitangaza kama nilivyoweza, vijiti, miguu, kizibo, kizibo. Kisha mwekundu mmoja akakipata, na bila kutazama akakipiga tu, mbali, kukiondoa. Kikampita kila mtu. Kikaja kinateleza peke yake juu ya ile barafu nyeupe kuelekea upande wa ngoma, kwenye goli letu lililo wazi. Hakikuja kwa kasi. Watu maelfu walikiona na hakuna aliyekuwa karibu nacho. Wakanyamaza wote, na mimi nikanyamaza.

Mkono ukanikaza bega.

"Sema."

Sikuweza.

"Sema, mwanangu. Hata kama ni baya. Usininyamazie."

"Kinakuja," nikasema. "Kinakuja polepole. Kinaenda golini. Kuna mmoja anakifuata, lakini hatafika."

"Ehe."

"Hajafika. Kimeingia."

Shangazi akashusha pumzi, akanipapasa kichwani. "Ahsante," akasema. "Sasa nimeona."

Nililia njia nzima, na kila mtu ndani ya treni alidhani nalilia timu. Mama mwingine mwenye skafu akanipa peremende. Shangazi alinivuta kwake na kuniambia maji yakimwagika hayazoleki, kuna mechi nyingine. Baba alikuwa ametazama dirishani, na nje ya dirisha la treni ile hakuna kitu, ni mwamba mtupu. Wiki chache baadaye Shangazi alirudi Tanga na macho yaleyale. Nilikaa muda mrefu nikiamini kwamba ni kile kizibo kilichoamua.

Shangazi aliishi miaka mingi. Alishona kwa vidole, akafundisha wasichana kushona, akabishana na watangazaji wa redio hadi mwisho. Nilipokwenda Tanga nikiwa mtu mzima, wanafunzi wake waliniuliza kama ni kweli kwetu golikipa huacha goli akaenda kukaa benchi. Alikuwa amewasimulia mechi yote, ngoma ilipokuwa na nguruwe alipokuwa, na hakuna pahali aliposema "pale". Pua yangu akaipapasa tena, akasema bado hajui nimeitoa wapi.

Alipofariki, Baba alikuja kukaa nami siku ya matanga, hapahapa Stockholm, kwa kuwa hatukuwahi ndege ya kufika mazikoni. Alinikuta nakwangua friza, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Nikamkumbusha ile mechi na lile koo lake.

"Koo halikuwa linauma," akasema.

Akanisimulia asubuhi ile. Daktari alizungumza taratibu, kwa upole, kisha akamgeukia Baba ili amfasirie dada yake: kwamba ule mshipa wa jicho umekufa, kwamba hakuna upasuaji, kwamba hata ule mwanga wa dirisha utazimika. Baba alikuwa hodari wa Kiswidi. Aliwafasiria watu wote wa kwetu, kazini, polisi, kwenye ofisi za nyumba. Siku ile alifungua mdomo, pakawa patupu. Shangazi akapapasa hewani hadi akaupata mkono wa koti la Baba.

"Akaniambia, sema, Hamisi. Usininyamazie," Baba akasema. "Nikasema. Yote. Nilipomaliza akaniambia ahsante. Halafu akaniuliza mechi ya mtoto ni saa ngapi."

Alikichukua kisu mkononi mwangu, akainama, akaendelea kukwangua pale nilipoachia.