Fimbo ya Shaba Penye Maji ya Udhu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyorudi Garissa na diploma yangu ya umeme. Wazee wanaokunywa chai karibu na soko la mifugo walinikagua kuanzia viatu hadi miwani, kisha adeer mmoja, mzee wa rika la baba yangu mwenye ndevu za hina, akatangaza, "Huyu? Baba yake alikuwa mtu wa ngamia. Nyumba ya kwanza atakayoigusa itaungua!"

Wenzake wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikatabasamu tu, kwa sababu nilikuwa nimelishinda darasa zima, na hilo sikuchoka kulisema. Hata leo sichoki.

Nyumba hiyo ya kwanza ilikuwa ya Eedo Halima, dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa amewakataa mafundi wote wa mjini akiningoja mimi, na binti yake alikuwa anaolewa mwisho wa wiki. Alitaka harusi yenye taa. Nikishindwa, yeye angeaibika mbele ya wakwe, na mimi ningerudi kuchunga.

Nilitandaza nyaya, mwanangu, kama mtu anayempamba bi harusi. Kila soketi ilikaa sawa, kila waya ulikuwa na rangi inayotakiwa na kanuni. Mwisho nikapigilia ardhini ile fimbo ya shaba inayoupokea umeme uliovuja, ili usipite mwilini mwa mtu. Mkaguzi akaja, bwana mmoja mpole kutoka Machakos, jasho likimtiririka. Akasifu kila kitu. Alipoipima ile fimbo akatikisa kichwa. Mchanga wetu ulikuwa mkavu mno, umeme haukuwa na pa kupita.

"Rekebisha, fundi. Nitarudi Alhamisi. Kama bado, siweki sahihi."

Habari ilifika kwa wanywa chai kabla yangu. Yule adeer akanifuata, safari hii na ushauri. "Alhamisi asubuhi mwaga maji hapo, tia na chumvi. Kila mtu anafanya hivyo. Hicho kipimo chake kitanyamaza."

Basi Alhamisi nilikuwa nimeshika ndoo pale kwenye fimbo, Eedo akanikuta.

"Wewe, unanywesha nini? Mti gani huo?"

Nikamweleza.

"Na mkaguzi akishaenda, nani atamwagia? Mimi, na haya magoti?"

"Eedo, ni ya leo tu."

"Wallahi? Na umeme utakuja leo tu? Wajukuu wangu wataishi hapa! Nenda fikiri. Si una diploma?"

Akachukua birika, akaenda nyuma ya nyumba kwenye lile jiwe ambapo familia yote hutawadha. Mimi nikabaki nimenuna, nikimtazama. Maji yakateremka kutoka kwenye jiwe, yakaishia pembeni, kama yalivyofanya kila swala tangu nyumba ijengwe. Pale yalipoishia udongo ulikuwa mweusi, na nyasi zimeota katikati ya kiangazi.

Hajamaliza kuosha miguu, nimeshashika sururu. Nilipigilia fimbo ndefu zaidi palepale, nikavuta waya upya hadi nyumbani, nikaifunika kwa mfuniko wa zege. Mkaguzi akapima. Akapima tena. Akaweka sahihi, kisha akauliza ni nani aliyenionyesha mahali pale.

"Akili yangu," nikasema.

Eedo akakohoa kwa nguvu sana.

Harusi iling'aa, mwanangu, mpaka mbuzi wa jirani hawakulala. Adeer wa ndevu za hina alikula pilau chini ya taa zangu, kisha akanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Na kwangu utakuja lini?"

Tangu hapo nimefunga umeme kuanzia Garissa hadi Elwak, na hakuna fundi wa kunifikia, muulize yeyote. Lakini wewe unayejifunza kazi hii, nisikilize. Mkaguzi anakaa nyumbani kwa mtu muda wa chai moja. Mama, watoto na wageni wanabaki na kazi yako maisha yao yote. Usifanye kamwe kitu kitakachokauka yeye akishaondoka. Soma kanuni zote, kisha toka nje utazame watu wanavyoishi: wanaoga wapi, wanapika wapi, maji yao yanaishia wapi. Funga nyaya kwa ajili yao.

Mwenyezi Mungu akupe mikono mitulivu na macho yasiyoharakisha, na kila atakayebonyeza swichi uliyoifunga wewe alale salama, yeye na wanawe. Amin.