Ng'ambo Gani ya Mto

Baba alikataa kupokea ng'ombe wa mahari mpaka ijulikane mama yake mwenyewe, nyanya yangu, alizaliwa wapi. Mchumba wangu alikuwa wa upande wa Oyugis, na kwetu watu wa damu moja wakioana, ndoa huvunjwa hata kama watoto wameshazaliwa. Nyanya alifariki baba akiwa angali mtoto wa kunyonya, na wajomba hakuwahi kuwaona. Lililobaki ni jina aliloitwa na wote pale nyumbani: Nyar Magunga, yaani binti wa Magunga, maana wake wetu huitwa kwa mahali walikotoka.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu Rongo. Nikaazima ramani mbili kutoka kabati la jiografia, nikaziunga kwa selotepu. Mchumba wangu akatia alama ya penseli penye boma lao, nami nikapima kwa rula hadi Magunga. Mbali kabisa! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumamosi nikaenda nyumbani, karibu na Migori, kumpasha habari za ramani mke mwenza wa nyanya, niliyemwita dani, yaani bibi. Alikuwa akichambua maharagwe.

“Magunga?” akasema. “Huko babu yako alimchukua tu, nyakwara, mjukuu wangu. Alikuwa anakaa kwa dadake aliyeolewa huko. Kwao ni kwingine.”

Akanitajia mlima walikokata kuni kwa kina nyanya, na mto. Kila Jumapili, akasema, nyanya alikuwa akiinua nguo kuvuka ule mto aende kanisani.

Nilirudi Rongo. Nikafunga mlango wa ofisi ya walimu, nikatandaza ramani. Mlima niliupata upesi. Mto nao ulikuwepo, jina lake limeandikwa kwa herufi za buluu, ukipita chini kidogo ya ile alama ya penseli.

Mchumba wangu alikuwa amenieleza kwamba mto wao ndio mpaka: huku ukoo wao, kule ukoo mwingine. Basi lilibaki kanisa. Likiwa upande wa mchumba wangu, nyanya alitoka ng'ambo ya pili, nami niko salama. Likiwa ng'ambo ya pili, nyanya alikuwa wa kwao.

Nikaanza kufuata mto kwa kidole. Kabla sijafika penye alama za majengo, nikafunika karatasi kwa kiganja, nikaikunja na kuirudisha kabatini. Mimi huyu, niliyekuwa nikiwafokea watoto kwa kuacha hesabu njiani! Niliogopa, nami nilimpenda yule mwanamume. Nikamwambia baba kwamba mama yake alizaliwa Magunga.

Siku ya ng'ombe, baba hakuridhika na neno langu. Mbele ya wazee wa pande zote mbili akamgeukia mke mwenza wa nyanya, akamuuliza, “Mama yangu alikuwa binti wa wapi?” Bibi yule alinitazama, kisha akamgeukia baba.

“Nyar Magunga,” akasema. “Si ndivyo mlivyomwita siku zote?”

Wazee wakacheka, ng'ombe wakapokelewa.

Wakati wa chakula nilimpelekea dani maji ya kunawa. Akanishika kidole.

“Kanisa ulilipata ng'ambo gani?”

“Sikutazama, dani.”

Akakung'uta mikono, akaifuta kwenye leso yake polepole.

“Basi usitazame,” akasema. “Na watoto wakija, usiwafundishe kusoma ramani.”