Geti Jeusi kwenye Njia ya Ngamia

Msinionee huruma. Nilichofanya nilikifanya nikiwa na akili timamu, nimeshiba, na miwani ya jua usoni.

Mimi ni Msomali, mwanamume wa makamo, nauza vitambaa Nairobi. Majirani zangu wa dukani kila Desemba wanaenda ushago, kijijini kwao, na wakirudi wanaonyesha picha: nyumba ya mawe, ua, geti. Kwetu ni upande wa Hulugho, miiba na vumbi, na watu wangu wanafuga ngamia. Niliona haya. Mtu mzima mzima naonea haya kwetu mbele ya wauza vifungo!

Nikawaendea wazee wa ukoo, nikawaambia nataka kununua ardhi nimjengee mama. Mama alikuwa anaishi kwa dada yangu Garissa mjini, na kila siku alikuwa anasema anataka kuzeekea karibu na ngamia wake. Wazee wakanijibu kwamba ardhi ile ni ya wote, haiuzwi. Nijenge ninapotaka, bure, ila nisizibe njia ya kwenda bwawani, wanakonywa ngamia.

Kitu cha bure utajivunia nini? Nilitaka karatasi. Nikamtafuta binamu mmoja, mtu wa miraa na maneno mengi, akaniuzia ekari kumi palepale kwenye njia, tukatia sahihi juu ya boneti ya gari. Nilijua kabisa si zake. Wajinga wengine hudanganywa. Mimi nilimlipa mtu anidanganye.

Nikajenga. Nikazungusha seng'enge mistari sita. Nikaweka geti jeusi lenye simba wawili wa rangi ya dhahabu, mahali ambapo simba akionekana watu hawalali. Mlinzi nilimtoa Kitui, kwa sababu mlinzi wa kwetu angemfungulia kila mtu.

Mvua ikakosa. Ngamia wakaja kwa njia yao ya miaka yote, wakasimama kwenye waya, maji yakiwa upande wa pili. Kushoto na kulia ni kichaka kizito cha miiba, kukizunguka ni safari ya siku nzima. Mlinzi akanipigia simu. Nyuma yake nikamsikia abti, mjomba wangu anayechunga ngamia wa familia, akimbembeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Fungua, rafiki. Ngamia iko na kiu siku nane. Hii njia ya baba yangu."

"Mwenyewe amekataza, mzee."

"Mwenyewe ni mtoto ya dada yangu. Bigia yeye simu."

Simu ilikuwa sikioni mwangu. Nilisikia kila neno. Nikamwambia mlinzi, "Wazunguke," kisha nikaendelea na chai yangu. Chai yenyewe ilikuwa ya maziwa ya ngamia.

Siku chache baadaye nikampeleka mama akaione nyumba yake. Kando ya geti palikuwa na ngamia jike amekufa, shingo imenasa kwenye seng'enge. Nikashuka nimeziba pua, nikamwambia mlinzi aburute uchafu ule kabla mama hajauona.

Mama alikuwa ameshashuka. Alipiga magoti, akapangusa vumbi kwa shali yake mpaka chapa ikaonekana, halafu akashika sikio lililokatwa ncha.

"Unamjua huyu?"

"Ngamia ni ngamia, hooyo," nikamjibu mama.

Kwetu mtoto anapozaliwa hutengewa ngamia jike, na uzao wote wa ngamia huyo ni wa mtoto. Sikio lililokatwa ncha ni alama yangu mimi. Maziwa ya uzao ule yalinikuza, na madume wake waliuzwa nikasoma mpaka chuo. Abti aliwachunga miaka yote hiyo bila kuniomba hata ahsante. Na mimi, msomi, sikuweza kusoma alama yangu mwenyewe.

"Huyu ndiye aliyekusomesha," mama akasema. "Umemnyima maji."

Hakupita getini. Alikwenda kwa kaka yake, na mpaka leo anaishi huko, kwenye kibanda cha mikeka, mahali ambapo nyumba yangu inaonekana vizuri. Nikienda ananisalimia kama anavyowasalimia watu wa sensa.

Seng'enge niliing'oa. Ngamia wanapita, mbuzi wanalala kwenye veranda ya vigae, geti limesimama peke yake bila ua. Ninyi mnaotaka ushago wa kupiga picha, mnaowaona wazee wenu washamba kwa sababu hawana hati, nendeni mkajionee wenyewe. Mlinzi alishaondoka.

Mwaka huu nimepata mtoto wa kiume. Nilikwenda na halua na nguo mpya, nikamwomba mama azungumze na abti, mwanangu atengewe ngamia wake kama nilivyotengewa mimi. Mama alimbeba mjukuu wake, akamtazama sana, akambusu paji la uso. Kisha akanirudishia.

"Huyu mpe geti," akasema.