Soksi ya Vepu Kwenye Shimo la Ndizi

Mdogo wangu aliporudi kutoka Mbeya alikuja na vepu shingoni, ile sigara ya umeme, na soksi iliyojaa vichupa vya juisi yake ya kuvuta. Nilimlea huyo tangu wazazi walipofariki. Niliacha shule, nikawa navundika ndizi na kuuza kama mama alivyofanya, na ndizi hizo ndizo zilizomsomesha. Alijua, na hakupenda kukumbushwa.

Juisi mpya, alisema, ni kali, inakwaruza koo. Lazima ilale gizani, penye joto kidogo, ladha zishikane, ndipo inakuwa tamu. Kila asubuhi alizitikisa chupa, akanusa, akazirudisha kwenye soksi. Ugali aliukuta mezani bila kuuliza nani kapika.

Tukuyu ni baridi na mvua haikatiki. Giza lenye joto kwetu liko mahali pamoja: shimo la mama nyuma ya jiko. Tunalitandika majani makavu ya mgomba, tunapanga ndizi mbichi, tunaingiza moshi, tunafukia. Alisukumiza soksi yake chini ya yale majani bila kuniambia. Nami nikapanga ndizi, nikawasha, nikafukia.

Nilipofukua, ndizi zilikuwa za njano safi, zinanuka stroberi na mnanaa. Joto lilikuwa limeachanisha vifuniko, juisi karibu yote imenywewa na majani.

Mama mchuuzi wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, mteja wetu tangu enzi za mama, aliinua kichane, akakinusa, akakirudisha polepole.

"Mwanangu, siku hizi mnapaka ndizi pipi?"

"Ni dawa ya sigara ya huyu," nikasema.

"Basi azivute mwenyewe. Mimi nalisha watoto wa watu." Akajifunga kanga vizuri, akaondoka na kapu tupu.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, anatoa moshi puani. "Hasira za nini, dada? Wewe unavundika, mimi navundika. Tena moto wako umeniunguzia juisi, haivutiki."

Ndizi zote nilizitupa chooni. Ile juisi ina nikotini, nisingempa hata nguruwe. Nikachoma majani, nikakwangua udongo wa shimo kwa jembe. Alinitazama mpaka nilipomaliza, kisha akasema, "Basi nipe kona ya stoo. Zimebaki chupa chache begini."

"Chagua. Chupa au nyumba."

"Nyumba ni ya baba, si yako."

"Baba hakuacha vepu humu."

Alicheka peke yake. Akabeba begi, akaenda kijijini Masoko kwa mjomba. Sikumsindikiza.

Nilitandika majani mapya, nikavundika upya, nikampelekea yule mama mpaka mezani kwake. Alinusa kichane kimoja kimoja, kisha akazichukua. Hadi leo hanunui kabla ya kunusa, mbele ya wateja wake wote, nami nasimama na kapu langu mpaka amalize. Mdogo wangu ametuma salamu kuuliza kama nimetulia. Sijamjibu.